Uzi, Ufumwele na Filamenti: Uhakiki wa Istilahi za Umbo Jembamba katika Kiswahili cha Biolojia, Tiba na Sayansi Nyingine

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna dhana ya filamenti inavyotajwa katika Kiswahili cha sayansi. Kiingereza na Kifaransa huandika neno hilo kwa tahajia ileile na kulitumia katika botania, fiziolojia, tiba, fizikia, astronomia na viwanda vya nguo. Katika Kiswahili nafasi hiyo hujazwa ama na neno uzi ama na mkopo filamenti, na mjadala kwa kawaida huishia katika kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili lisanifiwe. Makala yanadai kuwa swali hilo halitufikishi mbali. Neno moja kuwa na maana nyingi hakuleti madhara pale maana hizo zinapoishi katika taaluma zinazotengana. Madhara hutokea pale dhana mbili za mfumo mmoja zinapobebeshwa jina moja, kiasi kwamba sentensi mbili za kweli zinaonekana kupingana. Kwa kutumia mifano ya msuli, neva, balbu ya umeme, nyavu za uvuvi, uzi wa upasuaji na ua la mhindi, makala yanapendekeza kigezo cha kuzipima istilahi za aina hii, na yanatoa mapendekezo kwa vyombo vinavyosimamia Kiswahili katika kanda.

Maneno makuu: istilahi, filamenti, uzi, ufumwele, usanifishaji, Kiswahili cha sayansi

1.0 Utangulizi

Neno filamenti linatokana na mzizi wa Kilatini filum, wenye maana ya uzi. Mzizi huohuo umezaa istilahi kadhaa ambazo wasomaji wa ukanda wetu hukutana nazo bila kuutambua udugu wao. Filaria ni kundi la minyoo myembamba, na mmojawapo, Wuchereria bancrofti, huenezwa na mbu, huishi katika mishipa ya limfu na kusababisha matende na mabusha. Filovirusi ni familia ya virusi vinavyojumuisha Ebola na Marburg. Familia hiyo ilipewa jina kwa sababu virusi hivyo, vikitazamwa kwa hadubini ya elektroni, huonekana kama vipande vya uzi vilivyojikunja. Monofilamenti ni uzi wa nailoni usiosokotwa, unaotumika katika nyavu, katika chumba cha upasuaji na katika kupima hisi za mguu wa mgonjwa wa kisukari.

Umuhimu wa suala hili umeongezeka kadiri hadhi ya Kiswahili inavyopanda. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria. Mwaka 2021 Wakuu wa Nchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliamua Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo. Katika kipindi hichohicho Uganda ilipambana na mlipuko wa Ebola (2022), Tanzania na Marburg mkoani Kagera (2023), na Rwanda na Marburg (2024). Kila mlipuko huzalisha miongozo, matangazo na mafunzo yanayovuka mipaka pamoja na wasafiri. Lugha iliyopewa hadhi ya kubeba maarifa hayo haina budi kuwa na istilahi zinazoweza kuubeba mzigo huo bila kuumwaga njiani.

Makala haya hayakusudii kulaumu waandishi wa kamusi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba iliyofuata mwaka 2003, ni kazi ambazo bila hizo mjadala huu usingekuwa na mahali pa kuanzia. Kinachohakikiwa hapa ni mazoea ya kufikiri: kuchukua neno moja la kigeni, kulitafutia neno moja la Kiswahili, kisha kuhesabu kazi imekwisha.

2.0 Kigezo cha Uhakiki

Nadharia ya istilahi iliyoasisiwa na Eugen Wüster inashikilia kwamba dhana hutangulia neno, na kwamba hali bora ni kila dhana kuwa na istilahi yake na kila istilahi kuwa na dhana yake. Msimamo huo umekuwa na nguvu kubwa katika kazi za usanifishaji, zikiwamo zetu. Kwa upande mwingine, Rita Temmerman (2000) alionesha kuwa katika sayansi za uhai wingi wa maana mara nyingi una kazi yake: dhana hukua, na neno hukua pamoja nayo. Katika Afrika Mashariki, Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) waliweka mwongozo wa hatua za kuunda istilahi ambao umewalea watafiti wengi.

Makala haya yanachukua msimamo wa kati, lakini wenye ukingo ulio wazi. Yanapendekeza kigezo kinachoweza kuitwa jaribio la sentensi mbili. Zichukuliwe sentensi mbili ambazo wataalamu wa taaluma husika wanazikubali kuwa kweli, kisha ziandikwe kwa Kiswahili kwa kutumia istilahi inayopimwa. Zikibaki kweli zote mbili, istilahi imefaulu, hata kama neno hilohilo lina maana nyingine kumi kwingineko. Zikionekana kupingana, istilahi imeshindwa, hata kama ni nzuri masikioni na imepitishwa na kamati.

Kwa kigezo hiki, maana za filamenti zinagawanyika katika makundi matatu. Kundi la kwanza hutaja umbo peke yake. La pili hutaja daraja katika ngazi ya viumbo. La tatu hutaja namna kitu kilivyotengenezwa. Uzi hufaa vizuri katika kundi la kwanza, lakini hutuponyoka katika mengine mawili.

3.0 Filamenti kama Umbo

Wanaastronomia wanaochora ramani ya ulimwengu wameonesha kwamba galaksi zimejipanga katika mistari mirefu inayokutana kwenye mafundo na kuacha uwazi mkubwa katikati. Makala ya Bond, Kofman na Pogosyan ya mwaka 1996 iliipa taswira hiyo ya utando nafasi imara katika taaluma. Mistari hiyo huitwa filamenti. Kuiita nyuzi za galaksi hakumdhuru mtu yeyote. Hakuna katika mfumo huo kitu kingine kinachogombea jina la uzi, na Kiswahili tayari kina utando wa buibui wa kuikamilisha taswira.

Kwenye Jua hali ina utata kidogo, nao ni utata wa kufundisha. Wingu refu la plazima linaloning'inia juu ya uso wa Jua huonekana kama mstari mweusi likiwa mbele ya uso huo, na huitwa filamenti. Wingu lilelile likionekana ukingoni, huku giza la anga likiwa nyuma yake, hung'aa na kupewa jina jingine kabisa. Istilahi za lugha za kigeni hapa zinataja mahali aliposimama mtazamaji. Kiswahili hakilazimiki kurithi jozi hiyo. Uzi mweusi wa Jua na uzi mng'avu wa Jua vingemwambia mwanafunzi mara moja kwamba kitu ni kimoja na kilichobadilika ni pembe ya kutazamia.

Filovirusi nao wanaingia katika kundi hili. Kipenyo chao ni takribani nanomita 80, na urefu wao hubadilikabadilika. Maelezo kuwa ni virusi vyenye umbo la uzi yanatosha kwa mwanafunzi na kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa kuwa umbo ndilo jambo pekee linalotajwa. Ni vyema kuona pia kwamba lugha yetu haikuwahi kulihitaji umbo hilo ili kuyataja maradhi. Matende na mabusha yamepewa majina kwa kile kinachoonekana mwilini mwa mgonjwa, ilhali Kilatini cha wanasayansi kilimtazama mnyoo. Njia zote mbili ni halali, na kila moja ina wasomaji wake.

4.0 Filamenti kama Daraja

4.1 Msuli

Hapa ndipo uzi unapokatika. Msuli wa mifupa umejengwa kwa ngazi. Msuli mzima una mafungu. Kila fungu lina seli ndefu zenye viini vingi. Ndani ya kila seli kuna mihimili myembamba iliyolala sambamba. Na ndani ya kila mhimili kuna mikufu ya protini, yaani aktini na miosini. Lugha za Ulaya hutumia maneno matatu tofauti kwa madaraja matatu ya chini: moja kwa seli, jingine kwa mhimili, na filamenti kwa mkufu wa protini. Tofauti ya ukubwa ni kubwa mno. Kipenyo cha seli ya msuli ni kati ya mikromita 10 na 100. Cha mhimili ni mikromita moja au mbili. Cha filamenti ya aktini ni takribani nanomita 7, na cha miosini takribani nanomita 15. Baina ya daraja la juu na la chini kuna tofauti ya mara elfu kadhaa.

Katika Kiswahili cha darasani, madaraja yote matatu huweza kuitwa nyuzi za msuli. Tulete sasa jaribio letu. Mwaka 1954 jarida la Nature lilichapisha katika toleo moja makala mbili, moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson. Makala hizo zilibadilisha uelewa wa mkazo wa msuli. Hadi wakati huo ilidhaniwa na wengi kuwa protini zenyewe hujikunja na kufupika. Watafiti hao walionesha kuwa filamenti za aktini na za miosini hubaki na urefu wake. Kinachotokea ni kwamba aina moja huteleza kati ya nyingine, na kwa kuteleza huko sehemu iliyomo kati ya mipaka miwili ya mhimili huwa fupi. Seli nzima, kwa hiyo, hufupika.

Sentensi mbili za kweli ni hizi: seli ya msuli hufupika, filamenti haifupiki. Ziandikwe kwa neno uzi, nasi tunapata: nyuzi za msuli hufupika, nyuzi za msuli hazifupiki. Mwanafunzi anayekutana nazo katika kurasa mbili zinazofuatana ana njia tatu. Ataamini kuwa kitabu kimekosea, au atakariri zote mbili bila kuzielewa, au atahamia lugha nyingine. Njia hiyo ya tatu ndiyo inayowapa hoja wanaodai kuwa Kiswahili hakiwezi kufundishia sayansi. Hoja yao inastahili jibu la kina kuliko lile la kizalendo. Kinachokosekana hapa ni majina mawili, wala si uwezo wa lugha. Na ugunduzi wa mwaka 1954 wote umo katika tofauti ya majina hayo mawili.

4.2 Neva

Tatizo hilo hujirudia katika neva. Nyuzi za neva ni jina lililokwisha kuzoeleka kwa mikia mirefu ya seli za neva inayopeleka taarifa mwilini. Ndani ya mikia hiyo mna filamenti za protini zenye kipenyo cha takribani nanomita 10, zinazoipa mikia hiyo uimara na unene wake. Seli inapojeruhiwa, sehemu za protini hizo huvuja hadi kwenye ugiligili wa ubongo na uti wa mgongo, kisha kwenye damu, na kipimo cha kiasi chake hutumika sasa kama dalili ya uharibifu wa neva.

Ripoti ya maabara ikisema kuwa nyuzi za neva zimeonekana katika damu, mgonjwa atasikia kwamba neva zake zimekatika na vipande vinaelea mwilini. Ripoti ikisema kuwa kiwango cha protini ya filamenti za neva kimepanda, daktari na mgonjwa wanaweza kuanza mazungumzo ya maana. Hatari hapa haiko darasani tena. Iko upande wa pili wa meza ya daktari.

5.0 Uzi Uliokwisha Kuajiriwa: Mfano wa Fizikia

Historia ya balbu ya umeme inaanza na uzi kwa maana halisi ya neno. Majaribio ya Thomas Edison yaliyofanikiwa mwaka 1879 yalitumia uzi wa pamba wa kushonea uliochomwa hadi kubaki kaboni tupu. Mwaka uliofuata aligeukia mianzi iliyochomwa vivyo hivyo. Joseph Swan wa Uingereza naye alifanya kazi na nyuzi za pamba. Tangsteni ilichukua nafasi ya kaboni mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu huyeyuka kwenye joto kubwa mno. Kwa mtazamo huo, uzi wa balbu ungekuwa istilahi yenye uhalali wa kihistoria kuliko nyingi tulizo nazo.

Hata hivyo Kiswahili cha fizikia kimekwisha kuliajiri neno hili kwa kazi nyingine. Joto hupimwa kwa nyuzi, na pembe hupimwa kwa nyuzi. Mwandishi anayetaka kueleza kuwa tangsteni huyeyuka inapozidi nyuzi joto 3,400, ilhali kwenye balbu hufanya kazi katika joto la chini ya hapo, atajikuta ameandika kwamba nyuzi za balbu hufikia nyuzi elfu kadhaa. Sentensi hiyo haina uongo, lakini inamlazimu msomaji kusimama na kupanga upya maneno yake. Iongezwe pembe kati ya nyuzi mbili, na nyuzi ngapi zimo katika pembe hiyo, basi tumefika mahali ambapo mwalimu atasema kwa mkono kile ambacho kitabu kimeshindwa kukisema.

Kwa hiyo katika fizikia mkopo filamenti unastahili kukubaliwa. Unastahili kwa sababu ya kiutaratibu: kiti cha uzi kimekaliwa. Ni jambo la kuzingatiwa pia kwamba filamenti imeanza kuiacha maana yake ya kwanza. Balbu za kisasa zinazoiga sura ya zile za kale zina vijiti vya diodi vinavyoitwa filamenti ingawa havitoi mwanga kwa kupashwa moto. Printa za pande tatu hutumia plastiki iliyozungushwa kwenye gurudumu, kwa kawaida yenye kipenyo cha milimita 1.75, nayo pia huitwa filamenti. Mkopo unaweza kuzifuata maana hizi zote bila kugongana na kipimo cha joto.

6.0 Filamenti kama Utengenezaji

Kundi la tatu lina undani ambao uchambuzi wa kawaida wa istilahi huupita. Katika Kiswahili cha kila siku, uzi ni kitu kilichosokotwa. Pamba huchambuliwa, husokotwa, ndipo tunapata uzi; uzi ukisokotwa zaidi tunapata ugwe na kamba. Singa za pamba zina urefu wa sentimita chache tu, na bila kusokotwa haziwezi kushikana. Katika taaluma ya nguo, filamenti ni kinyume cha hali hiyo: ni kitu kirefu kisichokatika, kisichohitaji kusokotwa ili kiwe kirefu. Hariri ndiyo mfano wa asili, kwani kifukofuko kimoja cha kiwavi wa hariri huweza kutoa mamia ya mita mfululizo. Nailoni ni mfano wa kiwandani. Tukiita filamenti uzi katika mazingira haya, tunaitaja kwa jina la kile inachotofautishwa nacho.

Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinapiga marufuku nyavu za monofilamenti, yaani zilizofumwa kwa uzi wa nailoni usiosokotwa. Wavu wa nailoni iliyosokotwa ni kitu kingine mbele ya sheria. Mkaguzi anayeshika wavu ufukweni huamua, kwa kuupapasa na kuutazama, kama mali ya mvuvi itateketezwa au itarudi majini. Tafsiri inayosema tu wavu wa uzi wa nailoni haimsaidii mkaguzi wala mvuvi, kwa sababu nyavu zote mbili ni za uzi na zote ni za nailoni. Wavuvi, kwa upande wao, hawakungoja kamati. Katika Ziwa Victoria wavu huo huitwa timba, na neno hilo limepenya hadi kwenye taarifa za viongozi wa serikali. Ziwa hilo linamilikiwa na nchi tatu, na samaki hawana pasipoti. Istilahi inayoeleweka Mwanza ikiingizwa katika nyaraka za pamoja na kufafanuliwa kwa ajili ya wasomaji wa Kisumu na Entebbe, itafanya kazi ambayo neno jipya lingehitaji miaka kuifanya.

Chumba cha upasuaji kina hoja yake. Nyuzi za kushonea majeraha ni za aina mbili kuu kwa kigezo hiki: zile zilizosukwa kwa vijuzi vingi, na zile za monofilamenti. Zilizosukwa hushika fundo vizuri, lakini mianya kati ya vijuzi vyake huweza kufyonza majimaji na kuwapa bakteria maficho. Za monofilamenti hupita laini katika nyama na hazina mianya hiyo, ila fundo lake huhitaji uangalifu. Kwa hiyo ombi la uzi wa kushonea halimalizi maelezo. Kiswahili kina vitenzi vinavyotosha: kusokota, kusuka, kupota. Uzi wa kusukwa na uzi usiosukwa ni majina ambayo muuguzi yeyote ataelewa kwa mara ya kwanza kuyasikia, na yanataja hasa sifa inayoamua uchaguzi.

Mfano wa mwisho ni kipimo cha mguu wa mgonjwa wa kisukari. Kipande cha nailoni kilichopachikwa kwenye mpini hugandamizwa kwenye unyayo hadi kipinde. Kimetengenezwa kipinde kwa nguvu inayolingana na gramu 10. Mgonjwa asiyehisi mguso huo yuko katika hatari ya kupata vidonda bila kujua. Mwongozo ukimwambia mhudumu agusishe uzi kwenye unyayo, atafikiria kitu laini kinacholegea, na huenda akapapasa ngozi badala ya kuigandamiza. Mtu wa pwani atapendekeza mshipi, jina la uzi wa nailoni wa kuvulia, ambalo kwa umbo linafaa kabisa. Lakini katika hospitali mshipi umekaa karibu mno na mshipa, na maagizo mengi hutolewa kwa mdomo. Ufito unafaa zaidi. Ufito ni mwembamba, una ukakamavu, na hupinda unapolemewa. Ndivyo mjenzi wa nyumba ya udongo anavyoufahamu. Ufito wa nailoni wa gramu 10 humwelekeza mhudumu cha kufanya hata kabla hajafika kwenye maelezo.

7.0 Ua na Hatari ya Mfanano

Katika botania, filamenti ni sehemu ya ogani dume ya ua: kijiti chembamba kinachobeba kifuko cha chavua. Kuiita uzi wa ua kunaonekana salama mpaka tunapofika kwenye zao linalojulikana kuliko yote katika ukanda huu. Muhindi unapochipua, hutoa nyuzi laini ambazo watu huziita ndevu au nywele za mahindi. Nyuzi hizo ni sehemu ya ua jike. Kila mmoja huongoza kwenye mbegu moja, na usipopata chavua punje hiyo haikui. Filamenti zenyewe zimo kileleni, kwenye ua dume. Uzi wa ua, kwa hiyo, humpeleka mwanafunzi wa kijijini moja kwa moja kwenye jinsia isiyo yake.

Kiswahili kina neno kikonyo, kishikizo cha tunda au ua kwenye tawi. Kikonyo cha chavulio, au kikonyo cha kifuko cha chavua, kinataja kazi ya kiungo hicho, nayo ni kubeba. Kazi hiyo haibadiliki hata pale filamenti inapokuwa nene na fupi, kama ilivyo katika maua mengi, hali ambayo neno uzi lingeikana.

8.0 Mjadala: Gharama za Msimamo Huu

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wafasiri. Neno moja la kigeni limepata hapa majibu matano: uzi, filamenti, ufito, kikonyo na timba, mbali na ufumwele uliohitajika ili kuitenga filamenti na daraja la juu yake. Je, hii si vurugu? Ingekuwa vurugu kama maneno hayo yangegombea dhana moja. Kila moja lina eneo lake, na hakuna mahali ambapo mawili yanakutana katika mfumo mmoja kwa maana moja. Mrundikano wa maana katika neno la kigeni ni tukio la historia ya Kilatini na warithi wake. Kiswahili hakina deni la kuurudia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo atasoma Kiingereza au Kifaransa kesho, na atahitaji kujua kuwa kikonyo cha chavulio na uzi wa galaksi vinaitwa kwa jina moja huko. Hili ni kweli, na gharama yake haipaswi kufichwa. Tiba yake ni kitomeo kiungo: chini ya filamenti, kamusi iorodheshe taaluma na istilahi zake zote, ili msomaji apite katika mlango mmoja na kufika chumba anachokitafuta.

Pingamizi la tatu linahusu mkopo wenyewe. Filamenti ina bahati ya kuandikwa sawa katika lugha mbili zinazolea shule za kanda, kwa hiyo Bukavu na Kampala zinaweza kuipokea bila mgogoro. Daraja lililo juu yake halina bahati hiyo. Aliyesomea Kiingereza husema faiba; aliyesomea Kifaransa husikia sauti tofauti kabisa, na mikopo miwili ya dhana moja itaugawa ukanda. Ndiyo sababu katika ngazi ya msuli makala haya yanapendelea ufumwele kwa seli, kifumwele kwa mhimili ulio ndani yake, na filamenti kwa protini. Ufumwele ni neno letu. Kiambishi ki- kinashusha daraja kwa namna ambayo kila mzungumzaji anaihisi. Na mkopo unabaki mahali ambapo lugha zote mbili za kigeni zinakubaliana. Neno nyuzinyuzi liachwe kwa wataalamu wa lishe, ambako linashindana na makapimlo na ambako umbo la uzi halina umuhimu tena, kwa kuwa kinachopimwa ni sehemu ya chakula isiyosagwa na vimeng'enya vya utumbo.

Kwa ngazi hii, sentensi zetu za mwaka 1954 zinasomeka hivi: fumwele za msuli hufupika, filamenti hazifupiki, bali huteleza. Zote mbili ni kweli, na zote mbili zinaonekana kuwa kweli.

9.0 Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu, mambo manne yanapendekezwa kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, BAKITA, BAKIZA, vyombo vya lugha vya nchi nyingine za kanda na taasisi za mitaala.

Kwanza, istilahi ziundwe kwa mfumo kabla ya kupangwa kwa alfabeti. Kamati inayoshughulikia msuli ipewe ngazi nzima ya msuli kwa siku moja. Ikipewa herufi F pekee, seli, mhimili na protini vitapata majina katika vikao tofauti, na hakuna atakayegundua kuwa ni jina moja.

Pili, kila istilahi inayohusu umbo la kiumbo itolewe pamoja na kipimo cha ukubwa wake. Mstari mmoja unaosema nanomita 7 au mikromita 50 unazuia makosa mengi kuliko fasili ya aya nzima.

Tatu, jaribio la sentensi mbili, au jingine linalolingana nalo, liwe sharti kabla ya istilahi kuthibitishwa, na sentensi hizo zitolewe na wataalamu wa taaluma, si wanaisimu peke yao.

Nne, watu wa kazi waitwe mezani: mvuvi, muuguzi, fundi wa umeme, mkulima. Timba haikuundwa na kamati, lakini inafaulu jaribio ambalo istilahi nyingi zilizothibitishwa zingeshindwa.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa filamenti haiwezi kuhukumiwa kama neno moja. Pale inapotaja umbo peke yake, uzi unatosha. Pale inapotaja daraja katika ngazi, uzi huzifanya kweli mbili zipingane, na lugha inahitaji kutenga ufumwele, kifumwele na filamenti. Katika fizikia uzi umekwisha kupewa kazi ya kupima joto na pembe, na mkopo unastahili nafasi. Pale inapotaja utengenezaji, uzi wa kawaida wa Kiswahili ni kinyume cha filamenti, na majina yaliyozaliwa kazini yanafaa zaidi. Upimaji wa istilahi zetu uanze na swali hili: mwanafunzi, muuguzi au mvuvi akisoma sentensi mbili za kweli zilizoandikwa kwa istilahi hizo, je, ataweza kuziamini zote mbili kwa pamoja? Istilahi isiyomruhusu kufanya hivyo irudishwe kwenye kamati kabla ya kuingia katika kitabu, kanuni au mwongozo wa tiba.